Safari ya Kikazi na Mwili Wako: Mwongozo kwa Mwanamke Msafiri

Mada ya mkutano huandaliwa kwa wiki kadhaa; mwili huandaliwa usiku wa kufunga begi. Halafu kichwa kikigonga, tumbo likijaa gesi na miguu ikivimba, lawama zote zinaiendea ndege. Ndege ina makosa yake na tutayafikia, ila mengi yanayotuumiza safarini yalikwishaamuliwa kwenye ratiba. Ulikubali kikao cha alfajiri baada ya kutua usiku wa manane, au ulinyamaza ulipopangiwa kutwa nzima bila nafasi ya kwenda msalani. Kwa hiyo tunaanza na ratiba. Begi litasubiri.

Hatua ya 1: Ijadili ratiba kabla hujaithibitisha

Ukipokea ratiba, usiishie kusoma majina ya watu utakaokutana nao. Piga hesabu: nitatua saa ngapi, nitafika kitandani saa ngapi, na asubuhi ya huko ni saa ngapi nyumbani?

Saa ya ndani ya mwili hujirekebisha polepole, takribani saa moja kwa siku. Kwenda mashariki huchosha zaidi kuliko kwenda magharibi, kwa sababu mtu huweza kuchelewa kulala kwa urahisi kuliko kujilazimisha kulala mapema. Ukivuka tofauti ya saa 6 kuelekea mashariki, kikao cha saa tatu asubuhi kitaukuta mwili wako ukiwa saa tisa usiku. Omba uwasilishe mada yako alasiri. Ukienda magharibi mambo yanageuka: asubuhi utakuwa mwepesi na mwenye akili zako zote, lakini chakula cha jioni na wateja kitakuwa kazi ngumu, hivyo mazungumzo mazito yapangwe kabla ya mchana.

Safari ikiwa ya siku mbili tatu na tofauti ya saa ni ndogo, kuna njia ambayo wengi hawaifikirii: usibadilike kabisa. Kula na lala kwa saa za nyumbani kadiri ratiba inavyoruhusu, kisha rudi kabla mwili haujachanganyikiwa. Ukikaa muda mrefu zaidi, mwanga ndio unaoirekebisha saa ya mwili kuliko kitu kingine. Ukielekea mashariki tafuta jua la asubuhi (tofauti ikiwa kubwa sana, saa 8 au zaidi, siku za mwanzo subiri hadi asubuhi iive); ukielekea magharibi tafuta mwanga wa jioni.

Kuhusu kahawa, kuna jambo linalotuhusu sisi hasa. Kwa kawaida nusu ya kafeini uliyokunywa bado inazunguka mwilini baada ya saa 5 hivi. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huurefusha muda huo karibu mara mbili, na ujauzito huurefusha zaidi. Mwenzako wa kiume anaweza kunywa kikombe saa kumi jioni akalala vizuri, wewe ukabaki unahesabu mihimili ya dari.

Sasa, kuomba. Wanawake wengi hudhani kuomba mabadiliko ya ratiba ni kujionyesha dhaifu, kwa hiyo huomba kwa maelezo marefu yenye kujitetea. Sentensi moja inatosha: "Natua saa sita usiku, naomba tuanze saa nne asubuhi ili nije nikiwa tayari." Ongeza nyingine: "Naomba tuwe na mapumziko ya dakika kumi kila baada ya saa mbili." Hakuna aliyewahi kukataa mapumziko, na nusu ya waliomo chumbani watakushukuru kimoyomoyo.

Hatua ya 2: Weka kalenda ya mwili juu ya kalenda ya kazi

Hedhi kwanza. Kukosa usingizi, wasiwasi na kubadili majira ya saa vinaweza kuisogeza mbele au nyuma, kwa hiyo beba vifaa vyako hata kama tarehe zinasema hapana. Vya siku moja viwe kwenye mkoba wa mkononi pamoja na chupi ya akiba; begi kubwa linaweza kupotea. Tamponi isizidi saa 8 mwilini, kwa sababu ya hatari ya sumu ya bakteria, ambayo ni nadra lakini huua. Kikombe cha hedhi kinaweza kukaa hadi saa 12, jambo linalofaa sana kwa siku ya vikao mfululizo, ila jizoeze nyumbani kwa mizunguko kadhaa kwanza. Choo cha uwanja wa ndege si mahali pa kujifunzia.

Kama maumivu ya hedhi hukulaza, dawa kama ibuprofen hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa mara tu dalili zinapojitokeza, kwa sababu huzuia kutengenezwa kwa kemikali zinazoufanya mfuko wa uzazi ukaze. Imeze baada ya kula. Haiwafai wenye vidonda vya tumbo, matatizo ya figo au ujauzito. Zipo pia dawa za kuchelewesha hedhi, nazo huanza kumezwa siku chache kabla ya tarehe. Zinahitaji daktari, na akuulize kama umewahi kuganda damu. Asipouliza, mwambie mwenyewe.

Watumiaji wa vidonge vya uzazi wa mpango huchanganywa na majira ya saa. Kanuni ni kwamba nafasi kati ya kidonge na kidonge isizidi saa 24. Kuwahi hakuna madhara, kuchelewa ndiko kwenye hatari. Vidonge vyenye homoni mbili huvumilia kuchelewa kidogo. Vile vya projestini pekee, yaani homoni moja tu, haviruhusu kuchelewa sana: aina za zamani huruhusu saa 3 tu, zenye desogestrel huruhusu 12. Njia rahisi ni kuweka kengele ya simu inayofuata saa za nyumbani. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, au ukiharisha sana, hesabu kwamba kinga imepungua na ufuate maelekezo ya karatasi iliyomo kwenye pakiti.

Mjamzito aangalie tarehe ya kurudi kuliko ya kuondoka. Mashirika mengi ya ndege hudai barua ya daktari kuanzia wiki ya 28 na hukataa kumbeba mwenye mimba ya mtoto mmoja baada ya wiki ya 36, au mapacha baada ya wiki ya 32. Kila shirika lina kanuni zake, zisome kabla ya kukata tiketi. Mkanda wa kiti upite chini ya tumbo, juu ya mapaja. Kama uendako kuna malaria au virusi vya Zika, safari hiyo ijadiliwe na daktari, si na bosi.

Anayenyonyesha na kumwacha mtoto nyumbani atahitaji kukamua maziwa kwa nafasi zilezile ambazo mtoto angenyonya. Iandike kwenye kalenda kama kikao, na mapema uombe chumba chenye ufunguo na soketi ya umeme (mtu asikuelekeze chooni). Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye joto la kawaida la chumba, siku 4 kwenye friji, na hadi siku nzima kwenye mfuko wa kuhifadhia baridi wenye barafu. Viwanja vingi vya ndege huyaondoa maziwa ya mama kwenye kanuni ya vimiminika vya mililita 100. Mwambie ofisa kabla ya kuweka begi kwenye mashine. Titi likiwa gumu, jekundu na la moto, na homa ikapanda, usingoje kurudi nyumbani.

Aliyefikia ukomo wa hedhi, anayeshtukiziwa na joto la ghafla katikati ya maelezo yake, avae nguo za kuvuliwa tabaka kwa tabaka, akae karibu na dirisha au kiyoyozi, na ajue kwamba pombe na vyakula vikali huliamsha joto hilo kwa wengi.

Hatua ya 3: Kliniki na dawa

Nenda kliniki wiki 4 hadi 6 kabla. Chanjo ya homa ya manjano huanza kutambulika kisheria siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo ukiikumbuka juma la safari umechelewa. Heri yake ni kwamba tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha. Dawa za kukinga malaria nazo zinatofautiana: nyingine huanzwa siku moja au mbili kabla, nyingine wiki mbili au zaidi.

Dawa zako zote zikae kwenye begi la mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na nakala ya cheti cha daktari yenye jina halisi la dawa na si jina la biashara pekee. Usidharau sheria za uendako. Japani hairuhusu dawa zenye amfetamini (kichangamshi cha ubongo) hata ukiwa na barua ya daktari, na Falme za Kiarabu zinadhibiti vikali kodeini, ambayo kwingine huuzwa ndani ya dawa za kawaida za maumivu.

Hatua ya 4: Funga begi

Hapa sina mengi. Chupi za pamba, viatu viwili: vya kutembelea na vya mkutanoni. Viatu vya mchuchumio viingie miguuni mlangoni pa ukumbi, visikusindikize kwenye foleni ya uhamiaji. Miguu huvimba safarini, na kiatu kinachobana nyumbani kitakuwa adui huko. Mkoba wa begani ukiwa mzito, bega na shingo hulipa usiku. Kompyuta iwe kwenye begi la mgongoni au la magurudumu. Beba pia chupa tupu ya maji ya kujaza ukishapita ukaguzi.

Hatua ya 5: Ndani ya ndege

Chagua kiti cha kando ya njia. Wa dirishani hujizuia kunywa maji ili asimwamshe jirani, na hapo ndipo matatizo matatu huanza kwa mpigo: ukavu, kukaa bila kusogea, na mkojo kubanwa.

Hewa ya ndani ya ndege ina unyevu usiofika asilimia 20, chini ya majangwa mengi. Macho, pua na ngozi hukauka. Vaa miwani badala ya lenzi za machoni na upake mafuta midomoni. Shinikizo la hewa nalo ni kama la mtu aliye kwenye mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, na gesi iliyomo tumboni hutanuka kwa robo hadi theluthi. Ndiyo maana sketi iliyokutosha asubuhi inabana angani. Kunywa soda au kula maharage kabla ya kupanda ni kujitafutia, na nguo yenye kiuno cha mpira si uvivu.

Linalostahili hofu ni damu kuganda kwenye mishipa ya ndani ya mguu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2007 matokeo ya utafiti yaliyoonyesha kwamba hatari hiyo huongezeka karibu mara mbili kwa safari ya saa 4 au zaidi, iwe ya ndege, basi, treni au gari, kwa sababu kiini chake ni kukaa bila kusogea. Kwa mtu mwenye afya bado ni nadra, takribani mmoja kati ya 6,000. Lakini estrojeni ya vidonge, ujauzito, majuma ya kwanza baada ya kujifungua, unene uliopitiliza na upasuaji wa karibuni huipandisha, na kwetu sisi mambo mawili au matatu kati ya hayo hukutana kwa mtu mmoja bila shida.

Kwa hiyo simama kila baada ya saa moja au mbili. Ukiwa umeketi, inua visigino ukiwa umebakiza vidole sakafuni, kisha kinyume chake, mara ishirini hivi. Misuli ya shavu la mguu ndiyo inayosukuma damu kurudi juu. Begi lisikae chini ya kiti cha mbele likakuzuia kunyoosha miguu. Mwenye hatari zaidi avae soksi za kubana zinazoishia chini ya goti, zenye shinikizo la 15 hadi 30 mmHg kifundoni. Zivaliwe asubuhi kabla mguu haujavimba. Dawa ya usingizi ndani ya ndege siipendi, maana mtu hulala amejikunja saa nane bila kugeuka.

Hatua ya 6: Chumba cha hoteli

Omba ghorofa ya 3 hadi ya 6. Chini ya hapo dirisha hufikika kwa mtu wa nje. Juu yake ngazi za zimamoto huenda zisifike. Mhudumu wa mapokezi akitamka namba ya chumba chako kwa sauti mbele ya watu, mwombe abadilishe chumba, naye aandike namba badala ya kuitamka. Anayegonga akidai ametumwa kurekebisha kitu, piga simu mapokezi kabla ya kufungua. Ukitoka mara ya kwanza, hesabu milango kati ya chumba chako na ngazi za dharura. Kukiwa na moshi hutaona, utapapasa.

Kulala kunataka ubaridi na giza. Punguza joto hadi kama nyuzi 18, bana pazia kwa kibanio cha hanga, ziba taa ndogo za vifaa. Kabla ya kufungua kompyuta, ipandishe juu ya vitu hadi ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho, na kitandani usifanye kazi. Mazoezi yasikusumbue kichwa: Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, na kupanda ngazi badala ya lifti pamoja na kutembea kwenda ukumbini huzila nyingi kati ya hizo.

Hatua ya 7: Maji, choo na chakula

UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, huharibu safari nyingi za wanawake. Mrija wetu wa mkojo ni mfupi, bakteria hawana mbali pa kwenda. Ukiongeza kubana mkojo kutwa na kukataa maji ili usitoke kikaoni, umewaandalia makazi. Kunywa hadi mkojo uwe wa manjano hafifu. Nenda msalani kila mapumziko hata kama hujabanwa sana, jifute kutoka mbele kwenda nyuma, na ukojoe baada ya tendo la ndoa. Mkojo ukiunguza na kukutoa kila dakika, tafuta daktari. Kukiwa na homa, kutapika au maumivu ya ubavuni kuelekea mgongoni, au ukiwa mjamzito, muone siku hiyohiyo, kwa kuwa figo huenda zimeguswa. Vidonge vya antibayotiki vilivyobaki kutoka kwa ugonjwa wa mwaka jana viache vilipo. Mara nyingi si vyenyewe, na huweza kukuongezea fangasi ukeni, ambao nao hupenda nguo za kubana zisizopitisha hewa na suti ya kuogelea iliyolowa.

Kwenye chakula, kanuni yangu ni kilichopikwa sasa hivi na kinachotoa moshi. Chakula cha meza ya kujipakulia kilichokaa vuguvugu kwa saa kadhaa hukuza bakteria, kwani wao hupenda joto la kati ya nyuzi 5 na 60. Matunda menya mwenyewe. Barafu ni maji. Usipoyaamini maji ya bomba, usiiamini nayo. Kunywa ya chupa iliyofungwa au yaliyochemka dakika moja kamili, na dakika tatu kama uko juu ya mita 2,000.

Tumbo likiharibika, kinachokutoa nguvu ni maji na chumvi zinazotoka. Pakiti za ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, ziwe begini. Ukikosa, changanya lita moja ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Dawa ya kufunga kuhara inaweza kukuvusha kikao kimoja, lakini usiiguse kukiwa na damu kwenye choo au homa.

Hatua ya 8: Chakula cha jioni na wenyeji wako

Mwili wa mwanamke una maji kidogo kulinganisha na wa mwanaume wa uzito uleule, kwa hiyo glasi ileile ya pombe hukolea zaidi kwenye damu yake. Kushindana glasi kwa glasi na wateja hakuna hesabu. Agiza mapema, kabla mwenye meza hajakuagizia, na kinywaji kisitoke machoni pako. Ukienda msalani, ukirudi agiza kingine. Ukiondoka, mwambie mtu mmoja unayemwamini unaenda wapi na gari gani.

Likitokea la kutokea, yaani kubakwa, na natumai halitatokea, jua mipaka ya muda. Dawa ya kukinga VVU baada ya tukio lazima ianzwe ndani ya saa 72, na mapema ni bora. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vyenye levonorgestrel vinafaa ndani ya saa 72, vyenye ulipristal hadi saa 120. Hospitali kwanza, kuoga na kubadili nguo kusubiri, kwa ajili ya ushahidi. Namba ya dharura ya bima yako iwe kwenye simu na kwenye karatasi.

Hatua ya 9: Ukisharudi

Siku ya kwanza ofisini usijipangie uamuzi mkubwa. Panga mapema kufika siku moja kabla ya kazi, hata ukilazimika kuombea siku hiyo kama ulivyoomba mapumziko ya vikao.

Kwa majuma kadhaa baadaye fuatilia mambo mawili. Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa wa moto huku mwingine uko sawa, nenda hospitali siku hiyo. Ukipata kichomi kifuani au pumzi ikakata ghafla, ni dharura ya dakika hiyo. Na homa yoyote baada ya kutoka eneo la malaria, hata ikiwa imepita miezi mitatu na hata kama ulimeza dawa za kinga bila kukosa, ipimwe damu siku hiyohiyo, na umtajie daktari nchi ulizopita na tarehe zake kabla hajakuuliza.